Sanaa Itundikwayo Hewani

Sanamu nyingi tulizozizoea hukaa chini. Huwekwa juu ya jiwe au nguzo, nasi huzizunguka ili tuzione mbele na nyuma. Ikiwa sanamu ni ya mfalme au shujaa, husimama mkono umenyoshwa, na mkono ule hautashuka mpaka siku jiwe litakapovunjika. Kwa karne nyingi watu walidhani kuwa hilo ndilo sharti la uchongaji: kwamba kazi ya mchongaji ni kukamata kitambo kimoja cha uhai na kukifunga katika jiwe, mti au shaba, kisikimbie tena. Katika karne ya 20 alitokea mtu aliyelikana sharti hilo. Aliinua sanamu kutoka sakafuni, akaitundika darini, akaiachia hewa iifanye ipendavyo. Mtu huyo ni Alexander Calder, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1898 na kufa mwaka 1976.

Insha hii yakusudia kuzipima kazi zake chache kubwa, zile zilizotundikwa mahali pa watu wote: viwanja vya ndege, ukumbi wa chuo kikuu, jumba la sanaa na jumba la serikali. Kupima kazi ya sanaa si sawa na kuisifu, wala si sawa na kuilaumu. Sifa isiyo na sababu na lawama isiyo na sababu ni ndugu wa baba mmoja. Zote mbili humwacha msomaji pale pale alipokuwa. Yafaa basi tushike kipimo mkononi kabla ya kutoa hukumu. Kwa kazi za namna hii mimi naona vipimo ni vitatu. Kwanza, je, usawa wake ni wa kweli? Pili, je, mwendo wake ni wake wenyewe, au umeazimwa? Tatu, je, imepata mahali pa kukaa na watu wa kuitunza? Kazi yaweza kushinda katika maswali mawili ya kwanza, ikashindwa katika la tatu, na ikapotea huku twaitazama.

Calder alizaliwa katika nyumba ya wachongaji. Sanamu kubwa ya William Penn iliyo juu ya mnara wa jumba la mji wa Philadelphia ni kazi ya babu yake, na baba yake pia alikuwa mchongaji mwenye sifa. Mama yake alikuwa mchoraji. Walakini yeye mwenyewe alianza kwa kusomea uinjinia wa mitambo, akahitimu mwaka 1919 katika chuo cha Stevens kilichoko Hoboken, New Jersey. Jambo hili si dogo. Nyumbani alirithi mkono. Chuoni alipata hesabu. Bila mkono, hesabu yake ingezaa mashine tu. Bila hesabu, mkono wake ungezaa pambo ambalo halikai siku mbili darini.

Mwaka 1930, akiwa Paris, Calder alikwenda kumzuru mchoraji Mholanzi Piet Mondrian. Ukutani mwa chumba chake cha kazi, Mondrian alikuwa amebandika vipande vya mstatili vyenye rangi mbalimbali. Calder alimwambia kuwa ingependeza kama vipande vile vingecheza. Mondrian hakukubali. Basi mgeni alitoka na wazo lililokataliwa, akalifanyia kazi mwenyewe. Mwaka uliofuata msanii wa Kifaransa Marcel Duchamp alivipa vitu vyake jina la mobili, neno ambalo katika lugha ya Wafaransa lina maana mbili: kitu kisogeacho, na pia sababu imsukumayo mtu kutenda jambo. Baadhi ya mobili za kwanza ziliendeshwa kwa mkono au kwa mota ndogo. Lakini mota ina ila moja: husema neno lile lile siku zote. Mtazamaji akiisha kuona mzunguko mmoja, ameona yote. Kwa hiyo Calder aliegemea zaidi na zaidi upande wa hewa, kwa kuwa hewa hairudii maneno yake.

Mobili imejengwaje? Fikiri mchukuzi wa maji na mzega wake begani, debe moja mbele na jingine nyuma. Madebe yakiwa sawa, bega hukaa katikati ya mti. Debe moja likipungua maji, mchukuzi husogeza mti mpaka bega liwe karibu na lile lililo zito, na mzega hutulia tena. Bega lake laijua hesabu ambayo huenda hakuisoma. Hesabu yenyewe ni hii: uzito wa upande mmoja, ukizidishwa kwa umbali wake kutoka begani, sharti ulingane na uzito wa upande wa pili uliozidishwa kwa umbali wake. Sasa fikiri kuwa debe moja limeondolewa, na mahali pake pametundikwa mzega mwingine mdogo wenye mizigo yake miwili. Na katika ncha moja ya huo mdogo, mwingine mdogo zaidi. Hiyo ndiyo mobili: mizega chini ya mizega, na kwenye ncha zake mabamba ya madini yaliyokatwa kwa umbo la jani, au la pezi la samaki, au umbo lisilo na jina.

Kwa sababu hiyo mobili haijengwi kama nyumba. Nyumba huanza na msingi, yaani kile kitakachobeba vyote. Mobili huanza na kile kisichobeba kitu. Chukua mabamba mawili, moja la gramu 300 na jingine la gramu 100, uyafunge katika ncha za waya wa sentimita 40. Ukiacha uzito wa waya wenyewe, mahali pa kuutundika ni sentimita 10 kutoka kwa bamba zito. Maana 300 mara 10 ni 3,000, na 100 mara 30 ni 3,000 vile vile. Vitu hivi kwa jumla vina gramu 400, navyo sasa vyahesabiwa kuwa kitu kimoja. Vitundike katika ncha ya waya mwingine wa sentimita 60, na katika ncha yake ya pili utie bamba la gramu 200. Mahali pa kutundikia patakuwa sentimita 20 kutoka upande wa gramu 400. Ndivyo kazi ipandavyo, daraja kwa daraja, mpaka kufika kamba moja ya mwisho iliyofungwa darini. Kosa lililofanywa chini hupanda juu pamoja na kazi. Mwanafunzi mwenye waya, katoni na mkasi aweza kulijaribu jambo hili Jumamosi moja, naye atafahamu zaidi ya niwezavyo kumweleza kwa maneno.

Hapa ndipo penye uzuri wa kwanza wa sanaa hii. Mchoraji aweza kuchora mizani iliyo sawa hali hajapima kitu. Mshairi aweza kusifu haki hali yeye si mwenye haki. Mobili haina njia ya kujisingizia. Ikikosea huinama, na kila apitaye chini yake huona. Usawa wake hautokani na pande mbili kufanana, kama ulivyo usawa wa milango miwili ya jumba. Watokana na vitu visivyofanana vilivyopata kila kimoja umbali wake. Kikubwa husogea karibu na kiini, kidogo hupewa nafasi ya kwenda mbali, na kwa hivyo kidogo huwa na neno mbele ya kikubwa. Msomaji akiona mfano wa maisha ya watu katika jambo hili hatakuwa amekosea sana, ingawa Calder mwenyewe hakuwa mtu wa kuhubiri.

Walakini mobili iliyo mezani na mobili iliyo katika ukumbi wa watu elfu ni vitu viwili. Wengi hudhani kwamba kazi kubwa ni kazi ndogo iliyoongezwa vipimo. Sivyo. Tuseme kielelezo kidogo kimekuzwa mara 10 kila upande, urefu, upana na unene. Eneo la kila bamba litakuwa mara 100, lakini uzito utakuwa mara 1,000. Kamba nayo ikiongezwa upana mara 10 hupata nguvu mara 100 tu, kwa kuwa nguvu yake hufuata eneo la mkato wake. Mzigo umeikimbia kamba. Na tena ile pumzi ya mtu iliyotosha kukichezesha kielelezo haitatosha hata kuzindua kile kikubwa. Hii ndiyo sababu kubwa ya mobili nyingi za mahali pa watu wote kuwa mbaya: zimekuzwa bila kufikiriwa upya, zikawa nzito, zikatulia tuli kama nyama buchani.

Zaidi ya hayo, mjenzi wa mobili kubwa hana budi kufikiri mambo ambayo mchongaji wa sanamu ya chini hajaulizwa kamwe. Dari la plasta halibebi kitu. Sharti mzigo ushikwe na boriti au chuma cha paa, na msanifu wa jengo aambiwe mapema, kabla ya paa kuezekwa. Penye kiungo panahitaji kifundo kizungukacho, ama sivyo kamba itajisokota kama uzi wa tiara mpaka ikatike. Kila mkono sharti upewe nafasi ya kuzunguka duara lake lote bila kugonga ukuta, taa wala mkono mwenzake. Sharti pawe na njia ya kuifikia kazi ili ichunguzwe, na njia ya kuiteremsha. Chini yake hupita mama na mtoto wake, nao hawakuombwa ruhusa. Katika sanaa hii kosa la ufundi laweza kuua. Kwa hiyo uangalifu wa mjenzi ni sehemu ya wema wa kazi, wala si jambo la kando.

Tukiisha kusema haya, twende Washington. Jumba la Taifa la Sanaa katika mji ule lina jengo la mashariki lililosanifiwa na I. M. Pei na kufunguliwa mwaka 1978. Katika ukumbi wake mkubwa, chini ya paa la vioo, imetundikwa mobili ya mwisho kubwa ya Calder. Haina jina. Upana wake ni zaidi ya mita 23, na mabamba yake yana rangi nyeusi, nyekundu na buluu. Kielelezo alikifanya Calder mwenyewe, lakini mobili ya chuma ya ukubwa ule ingekuwa nzito mno kusukumwa na hewa ya ukumbini. Kazi ya kutafuta njia alipewa Paul Matisse, msanii na fundi, mjukuu wa mchoraji Henri Matisse. Yeye hakukata mabamba mazito. Alitumia mabamba ya aluminiamu yenye sega ndani yake, kama sega la nyuki, lililofunikwa pande zote mbili kwa karatasi nyembamba za madini yale yale. Mikono nayo akaifanya mitupu ndani. Kazi nzima ikawa na uzito wa kilo 417 hivi. Ilitundikwa mwezi wa Novemba 1977, mwaka mmoja baada ya kifo cha Calder.

Wako wasemao kuwa kazi hii si ya Calder, kwa kuwa mkono wake haukuigusa. Hoja hii yastahili kujibiwa. Asemaye hivyo hana budi kusema pia kuwa jumba si la msanifu kwa kuwa hakupanga matofali. Lakini kuna neno la kweli ndani yake: katika kazi za namna hii jina moja kibaoni halitoshi. Bila Calder, Matisse asingekuwa na kitu cha kukitundika. Bila Matisse, Calder angekuwa ametuachia kielelezo cha mezani, au pambo lisiloondoka mahali pake. Mimi naona heshima haipungui ikigawanywa. Maadam twamsifu aliyeota ndoto, haki yatutaka tumtaje na yule aliyeifanya iwe nyepesi.

Je, kazi yenyewe ni njema? Katika kipimo cha kwanza na cha pili yashinda. Usawa wake ni wa kweli, na mwendo wake watokana na hewa ya ukumbini tu. Jambo moja imepoteza. Mobili ndogo za Calder hutetemeka. Mlango ukifunguliwa huitikia kama makuti ya mnazi. Hii ya Washington haitetemeki. Mwendo wake ni wa jahazi lililotia nanga: maji yakigeuka, nalo hugeuka, na ukitaka kuuona mgeuko huo huna budi kukaa. Mpita njia mwenye haraka aweza kuondoka akidhani kuwa imesimama. Lakini upungufu huu wapatana na mahali. Kuta za Pei ni za mawe makubwa, zimenyoka kama wembe, nazo hazijui kusogea. Kati yao kitu kitetemekacho kingeonekana kama mtoto anayecheza mbele ya baraza la wazee. Kilichohitajiwa ni kitu kikubwa kama kuta, ila kipole. Mobili hii yafanya kazi hiyo, nayo yashinda kipimo cha tatu pia.

Tuilinganishe na kazi nyingine iliyoko mji ule ule. Mnamo Novemba 10, 1976, Calder alikuwa Washington kwa shauri la kazi yake iitwayo Milima na Mawingu, iliyokusudiwa kwa ajili ya jengo la Hart lenye ofisi za maseneta. Alirudi New York, akafa usiku ule. Kazi ikatimizwa bila yeye: milima meusi ya chuma chini, yenye kimo cha mita 15 na zaidi, na juu yake mawingu meusi ya aluminiamu yenye uzito wa karibu tani 2. Mawingu haya hayakuachiwa hewa. Yaliwekewa mota ya kuyazungusha. Mota ikaharibika, na mawingu yakasimama kwa miaka mingi. Baadaye mainjinia walipoyachunguza walihofia usalama wa watu waliopita chini, na mwaka 2016 yakateremshwa. Ikabaki milima isiyo na mawingu.

Tofauti ya kazi hizi mbili ni somo zima. Zote mbili ni za mtu mmoja, zote mbili zilimalizwa baada ya kufa kwake, zote mbili zilikusudiwa kumbi kubwa za mji mmoja. Moja ilipunguzwa uzito mpaka hewa ikaiweza. Nyingine ilibaki na uzito wake ikaazimiwa nguvu. Mwendo wa kuazima una mwenyewe, na siku moja mwenyewe huja kuuchukua. Calder aliijua hatari hii tangu ujana wake, alipoona mota zikisema neno moja. Kwa hiyo siwezi kuwalaumu tu mafundi waliokuja baadaye. Kazi yenyewe iliomba kitu ambacho ukumbi haukuweza kuipa bila mashine, nalo ni kosa lililokuwa katika mbegu. Milima ni mizuri. Mtu akisimama kati ya miguu yake huuona uzito ukijibeba kwa madaha. Lakini kuyaita mawingu mafanikio ni kumpendelea mtu kwa jina lake.

Viwanja vya ndege vina hadithi yao. Mwaka 1957 Calder alifanya mobili kubwa kwa ajili ya jengo la wasafiri wafikao katika kiwanja cha Idlewild, New York, ambacho leo huitwa John F. Kennedy. Jina lake ni namba: .125, yaani unene wa bamba lake kwa inchi, kama milimita 3. Upana wake ni karibu mita 14. Jengo la kwanza limekwisha kubomolewa, nayo ikahamishiwa jengo lililochukua mahali pake. Napenda jina lile. Mtu aliyeweza kuiita kazi yake ndege au upepo alichagua kutuambia unene wa bati, kana kwamba asema: uzuri huu umetoka katika kitu hiki chembamba, wala sina siri nyingine. Na mahali pake pafaa. Kiwanja cha ndege ni nyumba ya watu wenye haraka, waliochoka, wasio kwao. Kitu kimoja kisicho na haraka juu ya vichwa vyao ni ukarimu.

Mobili ya pili ya kiwanja cha ndege yahuzunisha. Mwaka 1958 Calder alipewa tuzo la kwanza katika maonyesho ya kimataifa ya mji wa Pittsburgh kwa mobili iliyoitwa kwa jina la mji wenyewe, yenye rangi nyeusi na nyeupe. Tajiri mmoja aliinunua akaitoa zawadi kwa serikali ya wilaya, nayo ikatundikwa katika kiwanja cha ndege. Kisha wenye mamlaka wakaipaka rangi ya kijani na dhahabu, zilizo rangi za wilaya, na usawa wake ukageuzwa kwa kuongezewa uzito, hata ule mwendo wake ukapotea. Calder alilalamika. Hakusikilizwa. Ni baada ya kifo chake kwamba ilirudishiwa rangi zake na mwendo wake.

Tufikiri vizuri juu ya jambo hili, maana watu wale hawakuwa waharibifu. Hawakuivunja wala hawakuiuza. Walidhani waipamba. Yamkini walisema: kitu hiki ni chetu, tumepewa, rangi hizi ni zetu, twajivunia, nani atatukataza? Hapo ndipo lilipo swali zito kuliko yote katika insha hii. Je, aliyepewa kazi ya sanaa amepewa bati, au amepewa kazi? Akiwa amepewa bati, apake atakavyo. Akiwa amepewa kazi, basi amepewa amana. Kumiliki kitabu hakumpi mtu ruhusa ya kufuta sura ya tatu na kuandika nyingine chini ya jina la mwandishi yule yule. Wageni waliopita Pittsburgh miaka ile waliambiwa kuwa wanatazama kazi ya Calder, hali walitazama kazi ya kamati.

Mkasa huu umetajwa mara nyingi katika mabishano juu ya haki za wasanii. Mwaka 1990 Bunge la Marekani lilipitisha sheria impayo msanii wa kazi kama hizi haki ya kupinga isigeuzwe kwa namna ya kumvunjia heshima, hata baada ya kuiuza. Kenya nayo, katika Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, inamtambulia mtunzi haki ya kutajwa kuwa mwenye kazi na ya kukataa ipotoshwe. Sheria ni njema, lakini huja baada ya tendo. Kinga iliyo bora ni mtunzaji ajuaye anachokitunza, na mtu hawezi kujua asilofundishwa kulitazama.

Pana mfano mmoja wa mahali ambapo msanii, msanifu na watumiaji walipatana tangu mwanzo. Katika chuo kikuu cha Caracas, nchini Venezuela, msanifu Carlos Raúl Villanueva alimtaka Calder apambe ukumbi mkubwa, uliomalizika mwaka 1953. Wataalamu wa sauti walipoeleza kuwa ukumbi ungekuwa na mwangwi mbaya, mapambo ya Calder yalipewa kazi ya pili: yakawa mabamba makubwa yenye rangi, yaliyotundikwa darini na kandokando ya kuta kama mawingu, ambayo huirudisha sauti ya msemaji kwa wasikilizaji. Mabamba haya si mobili, kwa maana hayachezi. Lakini yatuonyesha kuwa kitu kilichotundikwa hewani chaweza kupendeza na kutumika pamoja, wala uzuri usione haya kwa kuwa una manufaa. Chuo kile kiliandikwa katika urithi wa dunia mwaka 2000, na mawingu yake ni miongoni mwa sababu za sifa yake.

Imebaki hoja ya wale wasemao kuwa mobili ni mchezo wa watoto, na kwamba hazina maana. Kuhusu mchezo, Calder asingekasirika; yeye mwenyewe alitengeneza vinyago vya watoto, na sarakasi nzima ya waya na vitambaa aliyoichezesha kwa mikono yake mbele ya rafiki zake. Kuhusu maana, Jean-Paul Sartre aliandika mwaka 1946 kuwa mobili hazimaanishi kitu kingine chochote zaidi ya hizo zenyewe. Nakubaliana naye kwa nusu. Ni kweli kwamba mtu asiulize bamba jekundu lasimama badala ya nini. Lakini kitu kisicho na maana ya kusemwa chaweza kuwa na mafunzo ya kuonwa. Mobili yaonyesha kuwa utulivu si lazima uwe ukimya wa jiwe. Kitu chaweza kutikiswa kutwa nzima kisipoteze usawa wake, ikiwa kila sehemu imepimwa kwa haki kabla ya kutundikwa.

Mwanafunzi atakayesimama siku moja chini ya kazi ya namna hii, katika mji wowote, asiwe na haraka ya kusema ni nzuri au ni mbaya. Akae. Aangalie kama inasogea, na kama inasogea, aulize inasukumwa na nini. Atafute kamba ya juu kabisa, ashuke nayo kwa macho daraja kwa daraja, mpaka kwenye bamba la mwisho lisilobeba kitu. Kisha asome kibao, aone ni majina mangapi yametajwa. Na mwisho atazame rangi na vumbi, apate kujua kama wenye jumba wanafahamu walichokabidhiwa. Akiisha kufanya hayo, hukumu atakayoitoa, hata ikipingana na yangu, itakuwa hukumu yake yenye sababu, nasi tutaweza kujadiliana kama watu wazima.